Mbuzi wa Agosti

Matinyani, Kitui
Ijumaa, 17 Januari 2025

Mwaitu,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani hulala mfukoni mwa Baba, na haya ni yako, mama, si yake. Kalunde, jirani yetu wa huko nyumbani, atakupa mkononi akirudi kutoka kuuza ndengu huku. Ukimaliza kusoma ichome au uifiche. Mimi sijali tena ni nani ataiona, ila najua wewe unajali.

Tangu Novemba nimekaa hapa kwa Auntie Roselyne, namshonea wateja wake mapazia. Mwanzoni alidhani nina vidonda vya tumbo kwa vile nilikuwa sili. Baadaye akanikalisha chini, nikamwambia, naye akanipeleka mjini Kitui kwenye kituo cha watu waliobakwa. Nimeliandika neno, Mwaitu. Kubakwa. Tangu Jumatano ile ya Juni nilipoingia nyumbani na tepu ya kupimia bado iko shingoni, hakuna mtu kwetu aliyelitamka. Wewe ulisema "ile shida". Baba akasema "hayo mambo". Mutie alinibaka katika stoo ya kanisa nilipoenda kuwapima wanakwaya wake sare. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na wewe ndiwe mtu wa kwanza niliyekwambia.

Kila Alhamisi naonana na kaunsela anayeitwa Wangechi. Ni wa Nyeri, mkali kidogo, hasemi "pole" kila dakika. Hawalipishi kitu, na hawakutaki usimame kanisani utoe ushuhuda. Lakini kazi yenyewe ni ngumu kuliko kulima. Anataka niisimulie siku ile kuanzia asubuhi, polepole, na nikifika mahali mwili unapokataa ananiambia nikanyage sakafu vizuri, nitaje vitu ninavyoviona chumbani. Nikitulia, tunarudi pale pale. Mpaka sasa nimefika kwenye mlango wa stoo unapofungwa. Sijapita hapo.

Sasa sikiliza ninachotaka. Kituo ni cha jamaa pia. Akina mama huja, waume huja, hata kaka na dada, nao hupewa saa yao bila malipo, kwa sababu Wangechi anasema jambo kama hili huingia nyumba nzima hata kama lilimpata mmoja. Njoo Alhamisi moja. Kaa kando yangu useme kwamba nilikwambia, na kwamba uliniamini. Sijawahi kukusikia ukisema hivyo.

Mtoto wako,
Ndinda


Matiliku, Makueni
25 Januari 2025

Mwanangu Ndinda,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi ni wazima. Ndengu zimekubali mwaka huu, tunazipura, na mgongo wa baba yako unamsumbua lakini hasikii la mtu, yuko shambani.

Barua yako niliisoma jikoni. Ndinda, neno lile usiliandike tena. Karatasi haina mlango. Leo iko kwangu, kesho iko kwa jirani, kesho kutwa inasomwa sokoni Matiliku na watu wanaweka miwani.

Namshukuru Roselyne kwa kukutunza, ingawa yeye ni mdogo wangu na angeniuliza kwanza kabla ya kukupeleka kwa watu wa kuchokonoa. Kidonda kikishafunga, nani hukibandua aone kama kimepona? Mimi nilivyosikia, kaunsela ni wa watu ambao vichwa vimewaruka. Wewe una akili zako na mikono yako. Pasta alikuombea, mimi nilifunga siku tatu. Na huyo mwanamke wa Nyeri atajua nini kuhusu nyumba ya baba yako Kilonzo? Akishakufundisha kutuchukia ataenda zake kwao, sisi tubaki tukiokota vigae.

Mambo yale yaliisha. Wazee walikaa, yakaisha. Hata wewe mwenyewe ulikula pamoja nasi ile Agosti, ukacheka, nikasema asante Mungu, mtoto amerudi. Usirudi nyuma.

Alhamisi siwezi. Kuna ndengu, halafu kuna matayarisho. Mutie anawekwa kuwa mzee wa kanisa mwezi wa tatu, na akina mama tumepewa kupika. Nakwambia mwenyewe ili usilisikie kwa Kalunde.

Kula vizuri. Asubuhi vaa sweta.

Mama yako,
Kanini


Matinyani
7 Februari 2025

Mwaitu,

Utampikia nini? Pilau? Chapati? Niambie, nami nitume viungo.

Barua yako nimeisoma mara nne na kila mara nimekwama kwenye neno moja. Yaliisha. Yaliisha kwa nani? Kwangu bado ni Jumatano. Juzi mteja aliufunga mlango wa duka la Auntie kwa sababu ya vumbi, nami nikalipasua pazia la watu kwa mkasi kutoka juu mpaka chini. Auntie akamwambia mteja ni mashine iliyoharibika. Mashine ni mimi.

Na umwache Wangechi. Hajanifundisha kuwachukia. Wiki jana nilimwambia wazazi wangu ni watu wazuri, akaniuliza, "Wazuri kwako?" Nikamkasirikia, nikatoka, nikaubamiza mlango wake. Nilikuwa nakutetea, Mwaitu. Nilikutetea mpaka koo likakauka, kisha Kalunde akaniletea habari za ndengu.

Kuna mzee mmoja anaitwa Nthiwa, na ameniruhusu nikuandikie habari zake. Anatoka Zombe. Mkewe alivamiwa akitoka kuchota maji, sasa ni mwaka wa pili. Kila Alhamisi Nthiwa anaondoka kwake jogoo wa kwanza. Ni mwanamume mwenye mvi, anaketi katika kundi la jamaa na kulia bila kujifunika uso. Anasema mwanzoni kila siku alikuwa akimuuliza mkewe kwa nini alipita njia ile, mpaka mkewe akaacha kabisa kuongea. Hapo kituoni ndipo alipofundishwa kufunga mdomo na kukaa naye tu, na kumuuliza leo anataka nini. Mtu wa Zombe ameweza. Mamangu wa Matiliku ana kazi ya kumpikia Mutie.

Alhamisi ya tarehe 27 ni siku ya jamaa. Nitakuwekea kiti. Na kabla hujaja unijibu: wazee walikaa lini? Ndiyo mara ya kwanza nasikia. Walikaa juu yangu nami nikiwa wapi, kwenye cherehani? Na Agosti tulikula nini zaidi ya yule mbuzi mliyenichinjia kwa kumaliza kozi yangu ya ushonaji?

Ndinda


Matiliku
16 Februari 2025

Kwa Ndinda,

Ni mimi baba yako, Kilonzo. Barua yako nimeikuta ndani ya debe la unga. Mama yako hatajibu, nitajibu mimi, kwa kuwa mwenye nyumba ni mimi.

Umeuliza, basi nakujibu. Wazee walikaa mwezi wa saba, watatu, na Kimeu akiwa mkubwa wao. Mutie alikuwepo na babake. Alikubali kosa kwa mdomo wake. Wakatozwa mbuzi watatu. Wawili wako zizini. Wa tatu ndiye yule wa Agosti, na hakuwa wa kozi. Alikuwa wa kufunga jambo. Kwa desturi yetu aliyekosewa ndiye huonja kwanza, na ndiyo sababu nilikukatia ini mbele ya wazee. Ulionja. Aliyeonja amekubali, na jambo lililoliwa halifufuliwi. Anayelifufua anajiitia laana yeye na nyumba yake.

Usidhani nilifanya hivyo kwa ubaya. Ungeenda polisi ungeulizwa ulivaa nini, mbele ya wanaume, na kesi ingekwenda miaka, na hakuna kijana ambaye angekanyaga boma langu kukuposa. Nililinda jina lako. Tangu siku ile hujatajwa sokoni hata mara moja. Hiyo ilikuwa kazi yangu kama baba na niliifanya.

Nisingekwambia; ulishakula, ungesahau. Umelazimisha mwenyewe.

Acha kwenda huko Kitui. Mama yako haji tarehe 27 wala siku nyingine.

Baba yako,
Kilonzo


Matinyani
21 Februari 2025

Mwaitu,

Nimemwambia Kalunde asikupe hii ila mkiwa wawili peke yenu.

Mlinilisha.

Barua ya Baba niliisoma kituoni kwa sauti mbele ya Wangechi. Nilipofika kwenye ini nilikimbilia chooni. Ni miezi sita, nyama ilishatoka mwilini zamani, na bado nilitapika mpaka nyongo.

Nakumbuka yote. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani nililoshona mwenyewe. Baba akaninyooshea ini kwenye ncha ya kisu akasema, "Onja wewe wa kwanza, fundi wetu." Nikafikiri ananipenda. Wale wazee wakatazamana, nikafikiri wananiheshimu kwa cheti changu. Nikatafuna, nikasifu! Nikauliza ni nani aliyeitia chumvi vizuri hivyo, na wewe ukainama ukachochea moto.

Ulijua? Swali ni hilo. Usinijibu kwa mstari wa Biblia.

Mutie alinishika kwa nguvu. Ila yeye hakuniambia ni zawadi.

Halafu kuna hili linaloniwasha kuliko hata ini. Alikubali kosa. Kwa mdomo wake, mbele ya watu wazima! Miezi yote hii nimekuwa nikijilaumu kwamba nilienda peke yangu, kwamba nilimchekea alipotania juu ya vipimo vyake, kwamba pengine nilimpa sababu. Nimeyasema hayo kila Alhamisi nikimlilia Wangechi. Kumbe tangu Julai Matiliku ilikuwa na watu sita waliojua kwamba kosa ni lake, na aliyenyimwa habari ni mimi. Mngenipa hiyo tu, mkabaki na mbuzi wenu.

Baba anasema alilinda jina langu. Jina halikubakwa. Nilibakwa mimi.

Usije tarehe 27. Kiti nimekiondoa.

Ndinda


Matiliku, kwa Kalunde
Jumatatu, 10 Machi 2025

Ndinda,

Sina salamu ndefu.

Nilijua. Naanzia hapo ili usije ukanitafutia sababu, maana nakujua, utanitafutia. Baba yako aliniambia asubuhi ile ile nikiosha sufuria. Nikalia kidogo, kisha nikakata vitunguu. Mbuzi nilimpika mimi na chumvi niliitia mimi. Ulipoisifu nilitaka ardhi ifunguke inimeze, haikufunguka, nikaendelea kugeuza chapati.

Lakini mimi sikula. Sikuambii hivyo ili unisifu. Koo lilikataa tu. Kipande changu nilikificha kwenye leso nikamtupia mbwa. Kimeu aliuliza, "Na mama wa msichana ameonja?" Baba yako akasema ameonja. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na sinia mkononi, nikanyamaza.

Barua yako ya mwisho ilinikasirisha, nakwambia ukweli. Nilimwambia Kalunde, mtoto gani huyu anamwandikia hivi aliyemzaa? Nikaikunja nikaiweka kifuani, nikaenda kwa kazi zangu. Tarehe 27 ilipita nikiwa napepeta. Baada ya hapo sikulala vizuri. Jumamosi tulikuwa akina mama kumi na wawili tukichambua mchele wa sherehe ya Mutie, tunaimba, na katikati ya wimbo nikaitazama mikono yangu. Nilikuwa nampikia kwa mara ya pili. Hasira iliyonishika hapo sijawahi kuijua, Ndinda, na mimi nina miaka hamsini na mitatu.

Jana Pasta akamsimamisha Mutie mbele, kwaya nyuma yake, wote wamevaa zile sare ulizoenda kuwapimia. Akauliza kama kuna mtu mwenye neno. Huulizwa kila mara, na huwa hakuna. Nikasimama.

Nikasema, "Mimi niko na neno. Huyu Mutie alimbaka msichana wangu Ndinda hapo nyuma, kwa stoo yenu. Alikubali mbele ya wazee, akalipa mbuzi. Sasa mnataka atugawie meza ya Bwana?"

Pasta akasema, "Mama Ndinda, kaa chini tafadhali. Hapa si mahali ya maneno kama hayo."

"Ni mahali yake, Pasta. Ilifanyika hapa."

Kimeu akainuka kiti cha mbele. Unamjua, Jumapili ni shemasi na siku zingine ni mzee wa ukoo. Mahubiri yote hayo ya kwamba mambo ya mbuzi ni ya shetani, lakini siku ya nyama hakuna aliyekemea. Akaninyooshea kidole. "Hiyo maneno ilikwisha kuliwa. Ukiifungua unaitia watoto wako laana."

Nikamwambia, "Ililiwa na nani? Mimi sikula. Kama hamniamini muulizeni mbwa ya Kilonzo."

Kuna mtu alicheka nyuma. Kimeu akageuka kumtazama baba yako. Desturi wanaijua kuliko mimi: mama wa msichana asipoonja, jambo halijafungwa, na laana inamwendea aliyesema ameonja. Baba yako alikuwa anaitazama kofia yake magotini. Hakuinua kichwa.

Usidhani kanisa lilinifuata. Mutie alisema nimepandwa na pepo, na wengi wakasema amina. Kitonga, yule wa sauti ya chini, alivua sare yake, akaikunja vizuri akaiweka kwenye kiti, akatoka. Alikuwa peke yake. Wanawake wawili walinishika mkono nje. Pasta amesema kuwekwa kwa Mutie kumeahirishwa mpaka wachunguze, nami najua wachunguzi wenyewe ni akina Kimeu. Halafu watu wakaenda kula ule wali. Ndinda, waliula wote, wakakwangua sufuria.

Baba yako hajanifukuza. Ni mimi niliyetoka, nimelala hapa kwa Kalunde, kwa kuwa siwezi tena kuutazama mkono wake uliokukatia ini. Miaka thelathini nimeushukuru mkono huo mezani. Pengine nitarudi, pengine sitarudi, bado sijui, na hilo si la kukuhangaisha wewe.

Nilikuamini. Jumatano ile, ulipokuwa mlangoni, kabla hujamaliza kusema. Nilikuamini na bado nikanyamaza, na nimeshindwa kuelewa mtu hufanyaje mambo hayo mawili kwa moyo mmoja. Muulize huyo Wangechi wako kama anapokea pia mama mwenye kosa. Naona kituo ni cha walioumizwa pamoja na jamaa zao. Mimi sijui niandikwe upande gani.

Uliniambia nisije. Nitakuja Alhamisi ya tarehe 20. Kama hutaki kuniona nitakaa nje kwenye benchi mpaka mmalize, hata mkimaliza jioni. Na siku ukitaka kwenda polisi, mimi ndiye niliyekuona ukiingia, na nitasema nilivyoona, baba yako apende asipende.

Kanini


Matinyani
14 Machi 2025

Mwaitu,

Sijakusamehe. Wangechi amesema si lazima, wala si lazima nijue kama nitakuja kukusamehe. Nilimuuliza mara mbili nihakikishe.

Nilipofika kwenye mbwa nilicheka kwa sauti, Auntie akatoka dukani kuja kuona. Halafu nikakasirika zaidi, kwamba umeweza kunichekesha. Nimemsomea Wangechi mahali ulipouliza uandikwe upande gani. Amesema kitabu chake hakina pande, kina majina, na saa yako ni baada ya yangu. Nthiwa naye amesema atakuonyesha choo kilipo, kwa kuwa siku ya kwanza watu wengi hukihitaji.

Jana niliisimulia siku ile mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Nilipita stoo, nikatoka, nikatembea njia yote, nikafika mlangoni kwetu. Mwili haukukataa kwa Mutie. Ulikataa kwako. Nilipokuona umesimama pale nilianza kupiga kelele, na Wangechi akaniacha nipige. Polisi nitaenda, na nitataka uje, lakini hilo ni baada ya hili.

Katika maisha yangu yote sijawahi kukuinulia sauti. Kwetu mtoto hafanyi hivyo, na mimi nilikuwa mtoto mzuri, nilikula nilichopewa. Sasa nina maneno ambayo hayaingii kwenye karatasi, mengine ni machafu, na mengine utayasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu uliyemzaa. Wangechi anajua. Amesema atakaa nasi mpaka tumalize.

Usikae kwenye benchi. Ingia ndani, ukae mahali ninapoweza kukuona. Ukitaka kulia, lia, lakini usiondoke.

Kikao ni saa nne. Panda gari la kwanza na usichelewe, Mwaitu. Nimengoja kukukasirikia tangu Juni.

Ndinda